Mzazi akilia, asikilizwe

Barua za wiki hii karibu zote zimeniomba nifiche majina. Nimeyaficha.

Mtoto wangu ana siku tano. Watu wanakuja kunipongeza, nami kila jioni machozi yananitoka bila sababu. Nina kasoro gani? (Busia)

Huna kasoro, mdogo wangu. Kondo likishatoka, homoni zilizokuwa juu miezi yote ile hushuka ghafla, na kuanzia siku ya tatu hivi wazazi wengi hulia ovyo au hukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala. Kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Hesabu siku. Zikipita na bado unalia, kamwambie mkunga. Usingoje chanjo ya wiki ya sita.

Nilimwambia mama mkwe kwamba naogopa kubaki peke yangu na mtoto wa miezi miwili. Sasa ukoo mzima unanong'ona eti nina amakiro. (Kawempe)

Najua neno hilo linavyochoma. Kwa Waganda, amakiro ni ugonjwa wa mzazi anayeweza hata kumdhuru mwanawe, na husemwa kwamba ameupata kwa kutoka nje ya ndoa akiwa mjamzito. Kwa hiyo mwanamke akisema anaumwa, ni kama amekiri uzinzi. Nani atafungua mdomo? Nalichukia jambo hili kwa moyo wangu wote, maana linawaziba midomo walewale wanaohitaji kusikilizwa.

Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, aliwachunguza wajawazito na wazazi hapahapa Buganda, akaandika pia kuhusu amakiro. Alikuta sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, kwa wanawake wa huku pia. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa maswali 10 ya Edinburgh, ambayo leo hutumika nchi nyingi kumtambua mzazi mwenye sonona. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la akili, hasa sonona. Hao wote ni wazinzi?

Hofu yako si kosa. Nenda kituo cha afya ukaseme maneno yaleyale uliyomwambia mkweo. Lakini ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukikesha siku kadhaa bila kuhisi uchovu, ukiamini mtoto amebadilishwa, au ukiwaza kujiua au kumdhuru, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Mtu akae nanyi, mpelekwe hospitali. Ukipewa rufaa ya Butabika, nenda. Ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, na ugonjwa huu unatibika.

Titi limevimba, lina moto, nina homa. Shangazi anasema nimwachishe mtoto. (Arua)

Usimwachishe. Endelea kumnyonyesha, hata titi hilohilo. Kitambaa cha baridi kitapunguza maumivu. Nenda kituoni leo, kwani huenda ukahitaji dawa kabla halijawa jipu.

Mke wangu amenyamaza tangu ajifungue. Likizo yangu ya siku nne imekwisha. Nifanye nini? (Jinja)

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi na baba siku hizo nne tu, na mimi naona ni chache mno. Lakini usiku ni wako. Akishanyonyesha saa tatu usiku, mchukue mtoto wewe, mama alale mpaka anyonyeshe tena. Jaza majerikeni kabla hujaenda kazini. Usimuulize kama amechoka. Muulize usiku wake unakuwaje, kisha nyamaza usikilize.

Nilijifungua hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, mama yangu alibaki Kongo. Namnyonyesha mtoto, namwogesha, lakini simpendi. Sijamwambia mtu yeyote.

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mwanangu wa kwanza nami nilimlea wiki saba kama mtoto wa jirani niliyeachiwa, nikitabasamu wageni wakija. Upendo ulikuja polepole, baada ya kumweleza mkunga mmoja mzee ambaye hakushtuka. Umezaa mbali na mama yako, bila wa kukukanda wala kukupikia uji. Si ajabu moyo umekuwa mzito. Kumwogesha na kumnyonyesha kila siku ni malezi, hata kama moyo bado haujasema kitu.

Nenda kituoni kesho asubuhi. Ukikosa pa kuanzia, wasomee hayo uliyoniandikia mimi.