Picha ya droni kukwama Kilimani: usinunue busta kwanza

Kaka, umeuliza kama ununue busta ya rimoti (kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi) kwa sababu picha ya droni inaganda ukirekodi fleti za Kilimani, Nairobi, na kwa nini kamera inashtuka ukiinamisha. Hiyo pesa iweke kwanza. Mimi huwapigia madalali wa nyumba video pande hizo, na mara nyingi shida huwa ni mikono na mahali ulipokanyaga.

Tazama antena. Wengi huielekeza ncha kwa droni kama bunduki, na hapo ndipo wanapojiharibia: antena hizi hutoa mawimbi ubavuni, nchani karibu hakuna kitu. Droni ikiwa mbali mbele yako, zisimamishe, ubapa uitazame. Ikiwa juu ya kichwa, zilaze, la sivyo ncha ndizo zinazoitazama. Ikizunguka nyuma yako, geuka nayo. Mwili umejaa maji, na maji humeza mawimbi.

Kila fleti hapo ina ruta ya Wi-Fi, nyingi zikiwa kwenye 2.4 GHz. Rimoti ikiruhusu, hamia 5.8. Kuna nafasi zaidi, ila zege huyakata mawimbi yake upesi, kwa hivyo usirushe ukiwa chini kwenye maegesho. Ongea na keateka akufungulie paa.

Picha ikiganda, usivute vijiti ovyo. Picha ni mzigo mzito kuliko amri za vijiti, hivyo aghalabu hukatika kwanza huku droni bado inakusikia. Achilia vijiti, iache ielee kwa GPS, kisha ipandishe polepole hadi ichomoze juu ya jengo. Na kabla ya kuruka, weka urefu wa kurudi nyumbani uzidi jengo refu zaidi hapo, bila kuvuka futi 400 za sheria (kama mita 120). Mawasiliano yakikatika kabisa, itarudi kwa urefu huo.

Sasa kamera. Kile kigurudumu cha kidole cha kushoto kina kasi kubwa mno kikitoka dukani. Ingia kwenye mipangilio, punguza kasi ya gimbali (mkono unaoituliza na kuiinamisha kamera), na uongeze ulaini wa kuanza na kusimama. Anza kuinamisha droni ikiwa tayari inasogea.

Mwangaza nao ufunge kabla ya kurekodi. Ukiacha otomatiki, kamera ikitoka kwenye mabati yanayong'aa na kuingia kivuli cha miti, video inapauka katikati ya mwendo, na mteja ataona tu. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde, na jua likiwa kali ivishe kamera kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga). Hiyo 1/50 inasaidia jioni pia, maana umeme wetu ni wa 50 Hz na taa hazitapepesa.

Kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, tafuta mapema. Uwanja wa ndege wa Wilson uko hapo karibu.

Rimoti yako ni modeli gani? Nyingine antena zimefichwa ndani ya kishikio cha simu, na namna ya kuishika hubadilika.