Vikundi vya kuacha pombe: angalia kinachotokea mtu akishamaliza kusema

Ndugu uliyeuliza kama kuna haja ya kujaribu kikundi kingine baada ya kile cha kwanza kukuchosha kwa sala zake, jibu langu ni ndiyo, ila usichague kwa kigezo cha sala peke yake. Nimehudhuria aina mbili kwa muda mrefu, na tofauti iliyonigusa zaidi ni kile kinachofuata mtu anapomaliza kusema.

Katika Alcoholics Anonymous (AA), iliyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, hakifuati kitu. Unajitambulisha kwa jina moja, kwa kawaida ukisema wewe ni mlevi, unaeleza yako, wenzako wanakushukuru, na zamu inamwendea mwingine. Kwa mtu ambaye kila akifungua kinywa hukatizwa na mawaidha ya wajomba na wachungaji, nafuu ya ukimya ule haielezeki. Ushauri upo, lakini hutolewa pembeni, na mwanachama mkongwe anayekulea katika zile hatua 12 ambazo AA hufuata ili kuacha pombe, ambaye unaweza kumpigia simu saa nne usiku mshahara ukiwa bado mfukoni. Sharti la uanachama ni moja tu, yaani nia ya kuacha kunywa, na kwa kuwa kila kikundi hujiendesha chenyewe, kiasi cha dini hutofautiana sana kati ya mtaa na mtaa.

SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, ina mwezeshaji aliyepewa mafunzo, na humo watu hujibizana. Mlezi hakuna, wala hulazimiki kujiita mlevi. Mimi niliipata kwa intaneti tu. Kazi moja ilikuwa kujaza jedwali la vyumba vinne: faida na hasara za kunywa, faida na hasara za kuacha. Mwenzetu mmoja aliandika kwenye faida za kunywa, “Jumamosi ninakuwa na watu,” na muda wote uliobaki tukajadili Jumamosi yake. Udhaifu wa SMART, kwa maoni yangu, ni kwamba kikao kikiisha unabaki na karatasi zako.

Wanawake wana pia Women for Sobriety, iliyoanzishwa na Jean Kirkpatrick miaka ya 1970, ambako mtu hujitambulisha kuwa ni mwanamke mwenye uwezo.

Wapo watakaokwambia kwamba njia ya hatua 12 haina ushahidi. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27, yalionyesha kwamba katika kuacha kabisa, AA na tiba zinazoelekeza watu huko hufanya vizuri sawa na tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, na mara nyingi huzipita. Hata hivyo, wastani wa watafiti hauwezi kukwambia wewe utarudi kwenye kikao cha wiki ijayo au la, na bila kurudi hakuna kikundi kitakachokufaa.

Ule mtetemeko wa mikono wa asubuhi ulioutaja si kazi ya kikundi chochote. Muone daktari kabla ya kuacha ghafla, kwa sababu mwili uliozoea pombe kila siku unaweza kupata degedege.