Mafundo ya Kamba kwa Anayeanza Kusimamisha Turubai Kambini

Anayeanza kujifunza mafundo kwa kawaida huuliza ni fundo lipi lenye nguvu kuliko yote. Swali hilo halimfikishi mbali, kwa sababu ni nadra upepo wa usiku mmoja kukata kamba nzima. Kinachosumbua kambini ni mkazo: kamba inalegea, turubai linabonyea katikati, maji yanatuama, na asubuhi fundo lililokazwa kwa nguvu zote halifunguki mpaka kisu kitafutwe. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza walipime kila fundo kwa mambo matatu, yaani kama linashika likiwa na mzigo, kama mkazo wake unaweza kurekebishwa bila kulifungua, na kama vidole vilivyopoa vinaweza kulifungua kamba ikiwa imelowa. Hakuna fundo moja linaloyatimiza yote, na kwa sababu hiyo tunajifunza machache, kila moja kwa mahali pake.

Kabla ya fundo, itazame kamba. Nailoni huvutika, na ikilowa huvutika zaidi, hivyo turubai lililokazwa vizuri jioni huweza kukutwa limelegea baada ya mvua ingawa hakuna fundo lililoteleza. Poliesta huvutika kidogo, na kwa kazi hii mimi huipendelea. Kamba za nyuzi za mimea, kama katani, hufanya kinyume: zikinywa maji hunenepa na kufupika, kiasi cha kuweza kung'oa kigingi au kurarua tundu la turubai, kwa hiyo hulegezwa kidogo mvua inapokaribia. Kamba za kona zenye unene wa milimita 3 hadi 5 zinatosha. Nyembamba kuliko hapo zinaweza kushika, lakini zinakata vidole na mafundo yake hayaonekani vizuri gizani.

Katika maelezo yanayofuata, ncha ni upande mfupi unaoufanyia kazi mkononi, na shina ni upande mrefu unaokwenda kwenye mzigo.

Anza na kamba ya mgongo, ile inayopita kati ya miti miwili na kubeba turubai. Kwanza inua macho uone kama juu yako kuna matawi makavu, maana fundo bora halimsaidii mtu aliyefunga kwenye mti uliokufa. Kwenye mti wa kwanza, funga kitanzi kisichojikaza. Zungusha kamba kwenye mti, kisha kwenye shina tengeneza pete ndogo, ncha ikiwa imelala juu ya shina mahali zinapokatana. Pitisha ncha ndani ya pete hiyo kutoka chini kwenda juu, izungushe nyuma ya shina, kisha irudishe chini kupitia pete ileile. Shika ncha pamoja na upande wa kitanzi ulio jirani nayo kwa mkono mmoja, na shina kwa mkono wa pili, halafu kaza. Wengi hukosea kwenye ile pete ndogo: ikigeuzwa upande, yaani ncha ikipita chini ya shina badala ya juu, hatua zilizobaki huonekana sawa kabisa, lakini ukivuta fundo linafumuka lote mkononi. Acha ncha iliyobaki iwe na urefu wa kiganja au zaidi, kwa sababu kamba ngumu ikitikiswa bila mzigo inaweza kujilegeza. Wakati wa kulifungua, sukuma kwa dole gumba ule mkunjo unaozunguka shina, na fundo lote litaachia hata kama lilibeba mzigo usiku kucha.

Jizoeze kufunga kitanzi hiki kwenye nguzo, kisha kiunoni mwako, kisha ukiwa umefumba macho. Aliyejifunza akiwa ameilaza kamba mezani, mzigo ukiwa daima upande mmoja, hufika kwenye mti akakuta kila kitu kimegeuka, na mikono inasahau.

Mti wa pili unahitaji fundo la kukazia kamba kwa kuvuta. Karibu na mti, tengeneza kwenye shina kitanzi cha kufyatuka, cha namna ileile ya kitanzi cha kamba za viatu, lakini hakikisha mkunjo wake umetokana na upande wa ncha, la sivyo kitajikaza na kufungika kabisa unapovuta. Zungusha ncha kwenye mti, ipitishe ndani ya kitanzi hicho, kisha irudishe kuelekea mtini ukivuta. Kwa hesabu, mpangilio huu huzidisha nguvu yako mara 3, ingawa kamba kusuguana na kamba hula sehemu kubwa ya faida hiyo. Mkazo ukitosha, bana kwa vidole mahali kamba inapokunjika kwenye kitanzi ili isirudi, kisha malizia na vifundo viwili vya nusu, yaani ncha kuzungushwa kwenye kamba na kupitishwa chini yake yenyewe, cha kwanza kikiachwa na mkunjo wa kuvutwa.

Kwa kuwa fundo hili linampa mtu nguvu kuliko anavyodhani, wanaoanza hulivuta mpaka kamba ilie. Hapo hesabu inawageuka. Uzito wa kilo 10 uliotundikwa katikati ya kamba iliyoshuka kwa pembe ya nyuzi 30 kila upande huleta mvutano wa takriban kilo 10 katika kila upande. Kamba hiyohiyo ikinyooshwa mpaka ishuke nyuzi 5 tu, mvutano hufika karibu kilo 57. Kamba ibonyee kidogo. Kinachotakiwa kukazwa kama ngozi ya ngoma ni turubai, na kazi hiyo ni ya kamba za kona.

Kwenye kona ndipo penye fundo ninalolithamini kuliko yote, fundo la kuteleza na kushika. Pitisha ncha nyuma ya kigingi na uirudishe sambamba na shina. Izungushe kwenye shina mara mbili ndani ya kitanzi, mizunguko ikielekea upande wa kigingi. Kisha itoe nje, ivuke mizunguko hiyo, uizungushe mara moja zaidi kwenye shina kwa mwelekeo uleule, na uipitishe chini ya mzunguko huo wa mwisho. Kaza taratibu. Sasa shika fundo zima kwa vidole ulisogeze mbali na kigingi, kamba inakazika. Liachie, linauma shina na kubaki hapo. Kamba ikiwa laini na fundo likiteleza lenyewe, ongeza mzunguko wa tatu ndani. Mvua ya usiku ikilegeza nailoni, huhitaji kufungua chochote: unazunguka turubai ukisogeza kila fundo kidogo. Ifanye kazi hiyo kabla ya kulala hata kama hakuna wingu, maana lita 20 za maji yaliyotuama juu yako ni kilo 20.

Kigingi chenyewe kichomekwe kikiwa kimeinama kuelekea mbali na turubai, ili kamba ikivute karibu kwa pembe mraba.

Ukitaka kusogeza kona za turubai kwenye kamba ya mgongo, tumia kitanzi chembamba kilichozungushwa mara tatu kwenye kamba nene, fundo linaloitwa Prusik kwa jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelieleza mwaka 1931. Lina masharti: kamba ya kitanzi iwe nyembamba kuliko ile inayoshikwa, na mizunguko ilale sambamba bila kupandana. Kwa kuunga kamba mbili, kunja ile nene, pitisha nyembamba ndani ya mkunjo, izungushe nyuma ya pande zote mbili, kisha ibane chini yake yenyewe. Fundo la kawaida la kufungia vifurushi si la kazi hii, kwani kamba zikitofautiana unene huteleza au hupinduka. Kona iliyochanika tundu nayo haijapotea: viringishia kijiwe laini ndani ya kitambaa cha kona, ukifunge kwa nje, na kamba itapata pa kushika bila kutoboa kitambaa.

Mvua hutiririka pia juu ya kamba ya mgongo yenyewe hadi chini ya turubai, na wengi hudhani turubai linavuja. Funga kipande kifupi cha uzi kwenye kamba hiyo kati ya mti na ukingo wa turubai, kining'inie. Maji yatafika hapo na kudondoka nje.

Wakati wa kuondoka, legeza kwanza kamba za kona zote, kisha vuta ncha ya kufyatuka kwenye mti wa pili huku umeishika kamba, na uache kitanzi cha mti wa kwanza kiwe cha mwisho. Kamba zikunjwe zikiwa kavu, bila fundo hata moja lililobaki ndani yake, na ncha za nailoni zilizoanza kufumuka zichomwe kidogo kwa moto mbali na turubai.