Re: Wanafunzi wakienda Saanane (kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, Mwanza) wafanye nini zaidi ya picha?
Mkuu, kwa klabu ya sayansi mi nakushauri wapime uangavu wa maji kabisa. Chukua sahani bapa nyeupe ya sm 20, paka robo mbili zinazotazamana rangi nyeusi, funga jiwe chini na kamba yenye fundo kila nusu mita, mkiwa gatini mnaishusha taratibu mpaka isionekane, mnaandika kina. Maji yakiwa na mwani au tope inapotea mapema, na watoto wenyewe wataanza kubishana kwa nini, hapo ndo raha yenyewe aisee! Pimbi kwenye mawe wawahesabu asubuhi wakiota jua. Ila majini wasiingie kabisa, konokono wa ziwani wanaeneza kichocho, na muombe ruhusa ya askari wa hifadhi kabla ya kushusha chochote.