Usibadili jina la faili ili kulichungulia ndani

Uliza popote jinsi ya kuona kilichomo ndani ya faili la docx, epub au xapk (kifurushi cha programu ya Android), na jibu la kwanza utakalopewa ni hili: futa herufi zilizo baada ya nukta, andika zip, kisha bofya. Inafanya kazi, sikatai. Ila mimi nimeacha kuwashauri wateja hivyo. Ninafanya kazi kwenye stesheneri yenye mashine za Windows na za Linux, watu wanaleta flashi zenye mafaili ya kila namna, na kuna njia nyingine zisizogusa jina kabisa.

Kwanza, kwa nini jina liachwe. Windows kwa mipangilio yake ya kawaida huficha ekstensheni, yaani zile herufi za baada ya nukta, za mafaili inayoyafahamu. Mtu anaona faili linaitwa Ripoti, analiandika upya Ripoti.zip, kumbe jina kamili sasa ni Ripoti.zip.docx na Word inalifungua vilevile. Anarudia, anakasirika, anasema kompyuta ina virusi. Na hata akifaulu, mambo hayajaisha. Kama folda hiyo inasawazishwa na Google Drive au OneDrive, wenzake wa ofisini wanaona ripoti imetoweka na mahali pake pamezuka zip wasiyoijua. Au anasahau kulirudishia jina la awali, na siku akilihitaji hana namna ya kujua kwa kulitazama tu kwamba zip hiyo ilikuwa waraka wa Word, jedwali la Excel au kitabu.

Kompyuta yenyewe haihitaji jina ili kutambua faili. Karibu kila aina ina alama mwanzoni mwake. ZIP huanza na herufi PK, ambazo ni za Phil Katz, Mmarekani aliyetoa programu ya PKZIP mwaka 1989. RAR na 7z, ambazo hubana mafaili kama ZIP, huanza na Rar! na 7z, na PDF huanza na %PDF. Faili la deb, lile la kusakinishia programu kwenye Debian na Ubuntu, huanza na !<arch>. Tar, inayokusanya mafaili mengi kuwa moja, peke yake ndiyo imejificha kidogo: neno lake ustar limewekwa baada ya baiti 257 za mwanzo. Kwenye Linux andika amri ya file ikifuatiwa na jina la faili, itakusomea alama hizo na kukupa jibu kwa sentensi moja. Kwenye Windows fungua faili kwa Notepad, tazama herufi za kwanza, kisha funga bila kuhifadhi. Bila kuhifadhi, tafadhali. Notepad ikiliandika upya faili la namna hiyo inaliharibu.

Ukizoea kutazama hapo mwanzo utashangaa PK ilivyotapakaa. Nyaraka za Office tangu toleo la 2007 (docx, xlsx, pptx) ni ZIP. Odt na ods za LibreOffice ni ZIP. Vitabu vya epub, programu za Android za apk, jar za Java, ramani za kmz za Google Earth, katuni za cbz, michoro ya kra ya programu ya Krita, miradi ya watoto ya Scratch yenye sb3, na ggb za GeoGebra ambazo walimu wa hisabati wanatumiana: zote ni folda zilizobanwa, zikapewa jina jingine ili programu husika izitambue kama zake.

Sasa kuzichungulia. Kwenye Windows, kidhibiti faili cha kawaida (lile dirisha la kutazamia mafolda) hakikusaidii, maana kinaangalia jina tu. Windows 11 iliongezewa mwaka 2023 uwezo wa kufungua rar, 7z na tar bila programu ya ziada, jambo jema, lakini bado inaongozwa na ekstensheni. Mimi nasakinisha 7-Zip, ambayo ni ya bure, na simfundishi mtu kubofya kulia. Namfundisha kufungua dirisha lenyewe la 7-Zip kutoka kwenye menyu ya Start. Watu wengi wanayo programu hiyo kwa miaka na hawajui kwamba ni kidhibiti faili kamili. Unatembea humo hadi kwenye folda yako, unaliweka kivuli faili, unabonyeza Ctrl na PageDown kwa pamoja. Hapo linafunguka kama folda, jina lake liweje. Vitufe hivyohivyo vinafanya kazi kwenye vidhibiti faili vingine, Total Commander na Double Commander, na ndiyo sababu navipenda: ni kitu kimoja cha kukumbuka.

Kwenye Linux inategemea unatumia mazingira gani ya skrini na madirisha, kwa mfano KDE au GNOME. Dolphin, kidhibiti faili cha KDE, kina kisanduku kwenye mipangilio yake cha kuruhusu akaivu (mafaili yanayobeba mafaili mengine ndani, kama zip) zifunguke kama folda. Ukikitia tiki, zip na tar.gz (tar iliyobanwa) zinafunguka palepale bila dirisha jingine. Lakini bofya docx na itafunguka LibreOffice, siyo folda. Hiyo si hitilafu. Walioiandika Dolphin waliamua kwa makusudi kwamba nyaraka za ofisi zisichukuliwe kama zip zinapobofywa, na nadhani walikuwa sahihi, maana anayebofya barua anataka kuisoma. Cha kuchekesha ni kwamba ekstensheni isiyojulikana kabisa hukupa kazi ndogo kuliko inayojulikana: mfumo ukilikosa jina kwenye orodha yake unaenda kusoma zile alama za mwanzo, unakuta PK, unalichukulia kama zip na kazi imekwisha. Docx inajulikana mno.

Dawa yake ni kwenye sehemu ya anwani, juu ya dirisha la Dolphin. Bonyeza Ctrl na L, futa kilichopo, andika zip:/ ikifuatiwa na njia kamili ya faili, kwa mfano zip:/home/asha/ripoti.docx, kisha Enter. Utaingia ndani. Kwa tar ni tar:/, na kwa deb ni ar:/. Humo unaweza kutazama na kunakili kwenda nje, lakini huwezi kubadili chochote, na kwa kazi yetu ya kuchungulia hilo ni jambo la heri.

Wenye GNOME, yaani Ubuntu ya kawaida, wajue kwamba tangu toleo la 3.22 la mwaka 2016 kubofya zip mara mbili kunaifungua yote na kumwaga folda pembeni yake. Ukitaka kutazama tu, bofya kitufe cha kulia, chagua kufungua kwa programu nyingine, uchague ile ya kusimamia akaivu. Kwenye Midnight Commander, kidhibiti faili cha maandishi chenye skrini ya bluu, andika cd ripoti.docx/uzip:// na utaingia.

Tuje kwenye manufaa yake, maana huenda unajiuliza nani ana muda wa haya. Kesi inayonijia zaidi ni picha. Mteja anakuja na kadi ya mwaliko au ripoti ya mradi iliyoandikwa Word, anataka picha zilizomo zichapwe kubwa, na zile za awali zilipotea pamoja na simu. Vijana wengi wanapiga picha ya skrini na kukata. Ingia ndani ya docx, fungua folda ya word, kisha media, na picha zote zimekaa humo kama image1, image2 na kuendelea. Kwa xlsx ni xl/media, kwa pptx ni ppt/media, na kwa odt ni folda ya Pictures. Usimwahidi mteja miujiza, kwa sababu Word ikihifadhi hupunguza picha hadi nukta 220 kwa inchi kama hakuna aliyebadili mpangilio huo, kwa hiyo picha iliyowekwa ndogo kwenye ukurasa itatoka ndogo. Hata hivyo itakuwa safi kuliko ya skrini.

Humohumo kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ningependa kila anayetuma nyaraka za zabuni au maombi ya kazi alijue. Picha uliyoikata ndani ya Word kwa kawaida haikukatwa. Sehemu uliyoificha ingali ndani ya media, nzima, mpaka uiagize Word ifute sehemu zilizokatwa pale kwenye kubana picha. Ukimkata mtu pembeni ya picha, au ukikata namba ya kitambulisho, mpokeaji mwenye 7-Zip anaweza kuviona vyote. Na kwenye docProps kuna faili la core.xml lenye jina la aliyeuandika waraka mwanzo na jina la aliyeuhifadhi mwisho. Barua ya kampuni yako inaweza kuwa imebeba jina la mwenye stesheneri. Sasa unajua kwa nini tunawaomba wateja wakague.

Utakutana pia na docx inayokataa katakata. Ukitazama mwanzo wake hukuti PK. Mara nyingi hiyo imefungwa kwa neno la siri: Office ikiusimba waraka hauwi ZIP tena, unawekwa ndani ya muundo wa zamani uleule wa doc. 7-Zip itaufungua na kukuonyesha kitu kinachoitwa EncryptedPackage, na hapo ndipo mwisho wa safari. Mtafute mwenye neno la siri.

Xapk nayo inaleta watu dukani. Mtu amepakua mchezo, simu inasema haiwezi kusoma faili, anadhani ameibiwa bando. Ukiingia ndani utakuta apk moja au zaidi, na wakati mwingine folda ya Android/obb yenye data ya mchezo. Kama apk ni moja, unaitoa na kuisakinisha, kisha obb inapelekwa kwenye folda ya jina hilohilo kwenye simu. Zikiwa kadhaa, zimegawanywa na haziingii moja moja. Inahitajika programu ya kuzisakinisha kwa pamoja. Kuchungulia kwa dakika moja kunakwambia ipi kati ya hizo mbili umepewa. Na usiguse chochote ndani ya apk yenyewe: ina saini, ukibadili hata picha moja Android itaikataa.

Bando likikatika katikati ya upakuaji, aina ya akaivu inaamua utaokoa nini. Orodha ya vilivyomo kwenye ZIP imeandikwa mwishoni mwa faili. Ndiyo maana zip yenye maelfu ya mafaili inafunguka haraka, kidhibiti faili kinaruka moja kwa moja hadi mwisho kusoma orodha. Na ndiyo maana iliyokosa kipande cha mwisho inaonekana imekufa kabisa ingawa asilimia kubwa ipo. Kwenye Linux amri ya zip yenye -FF hujaribu kuijenga orodha upya kutokana na iliyobaki. Tar.gz ni kinyume chake: inasomwa kuanzia mwanzo kwa mfululizo, inachelewa kufunguka ikiwa kubwa, lakini iliyokatika inakupa kila kilichokuwa kabla ya pale ilipokatika. Kwa kutuma vitu vizito kwenye mtandao wa kusuasua, mimi nachagua tar.gz.

Hatari zipo. Jar usiibofye mara mbili kama hujui ilikotoka; kompyuta yenye Java inaweza kuiendesha badala ya kuifungua. Ingia kwa Ctrl na PageDown. Na ukifungua waraka uliomo ndani ya akaivu kisha ukaurekebisha, jua kwamba unachorekebisha ni nakala ya muda. Baadhi ya programu zitakuuliza kama uirudishe ndani, nyingine hazitakuuliza, na kazi yako itafutika ukifunga dirisha. Toa nje kwanza, rekebisha, kisha rudisha. Epub ina sharti lake la ziada: faili dogo linaloitwa mimetype lazima liwe la kwanza na lisibanwe, la sivyo baadhi ya visomaji vitakikataa kitabu. Kwa hiyo usiifungue yote na kuizipu upya kwa kubofya kulia. Badili faili moja tu ndani ya akaivu iliyopo.

Kabla sijaulizwa tena, maana naulizwa sana: yale mafaili ya msgstore yenye crypt14 au crypt15 kwenye folda ya WhatsApp si akaivu. Yamesimbwa, hayana PK wala Rar! mwanzoni, na hakuna kidhibiti faili kitakachokuonyesha meseji zako humo. Yarudishe kwenye simu mahali yalipokuwa, sakinisha WhatsApp kwa namba ileile, na ukubali inapokuuliza kama irejeshe chelezo, yaani nakala ya akiba ya meseji.