Norway bila kufilisika: maswali yenu na majibu

Maswali mengi ya safari yaliyotufikia safari hii ni ya Norway, na karibu yote yana hofu moja: bei. Hofu hiyo ina msingi. Sahani ya chakula cha kawaida mgahawani hupita kroni 200 kabla hujaagiza kinywaji. Lakini ningependa kila msomaji ajue jambo hili kabla hajakata tamaa: vilivyo vizuri zaidi kule, yaani milima, maporomoko na mikono ya bahari, havina kiingilio. Pesa huliwa na usafiri, malazi na tumbo, basi humo ndimo pa kubana.

Mimi na mke wangu tuna siku kumi mwezi Juni. Tunataka Oslo, Bergen, Geiranger, Lofoten na Tromsø. Zitatosha? (Msomaji, Arusha)

Kaka, punguza. Oslo hadi Tromsø kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,600, na kila mnapohama mnalipa upya. Chukueni Oslo na Bergen, na kilichopo katikati.

Oslo siku mbili zinatosha. Tembeeni juu ya paa la jumba la opera, lililofunguliwa 2008. Limejengwa likishuka hadi majini na watu hulipanda bure. Bustani ya Vigeland, yenye sanamu zaidi ya 200, nayo ni bure mchana na usiku. Kisha pandeni treni ya Bergen. Reli hii ya 1909 hupita Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, ambako hata Juni mtaona theluji nje ya dirisha. Shukeni Myrdal, mpande treni ndogo ya Flåm. Ni kilomita 20 tu, lakini kwa muda wa kama saa moja inateremka mita zaidi ya 800 hadi ufukweni. Njiani husimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen, abiria wanashuka jukwaani, na manyunyu yanawafikia usoni. Fungeni simu zenu kwenye mfuko wa plastiki.

Laleni Flåm au karibu yake. Asubuhi pandeni boti hadi Gudvangen kupitia Nærøyfjord, mkono wa bahari uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2005. Pembamba kabisa pana mita 250, na kuta za milima zimesimama pande zote mbili. Kwa maoni yangu, mkiona hapo tu na kurudi nyumbani, safari imelipa. Kutoka Gudvangen kuna basi hadi Voss, kisha treni hadi Bergen. Njia yote huuzwa kama kifurushi kimoja, lakini kila kipande kinanunulika peke yake, nanyi mnapata uhuru wa kulala njiani. Tiketi za bei ya chini za treni ya Oslo–Bergen ni chache na huisha mapema, kwa hiyo zikateni mara tu viza inapotoka.

Watoto watatu, na wote wanakula kweli kweli. Tutaishije? (Mama, Nakuru)

Dada, tafuta malazi yenye jiko. Kwenye viwanja vya kambi kuna vibanda vya mbao viitwavyo *hytter*, ambavyo kwa familia mara nyingi ni nafuu kuliko hoteli. Beba mashuka, maana kwingi hulipiwa kando. Nunua chakula kwenye maduka ya Kiwi, Rema 1000 au Coop Extra, na ununue Jumamosi kwa sababu Jumapili maduka mengi makubwa hufungwa. Mchana fanyeni kama wenyeji: vipande vya mkate vyenye jibini, kimoja juu ya kingine, na karatasi katikati visigandane. Profesa na fundi wote wanabeba hivyo kazini, hakuna atakayewashangaa. Maji ya bomba ni safi, msinunue ya chupa. Chupa na makopo ya soda msitupe: dukani kuna mashine inayoyameza na kutoa risiti, kroni 2 au 3 kwa kila moja, mnazokatiwa kwenye malipo.

Kama mnakula halali, mtaa wa Grønland mjini Oslo una maduka mengi ya Wasomali na Wapakistani.

Viza nianze lini, na ninunue tiketi ya ndege kwanza? (Msomaji, Mwanza)

Usinunue, weka nafasi tu. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya matembezi, kwa hiyo unaomba viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45, basi omba mapema. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Anzia kwenye tovuti ya UDI, idara ya uhamiaji ya Norway, wala usimlipe mtu anayekuahidi viza.

Natamani kuona jua la usiku wa manane na ule mwanga wa kijani angani, safari moja. (Mwalimu mstaafu, Moshi)

Shikamoo, mwalimu. Haviwezi kukutana. Tromsø, kaskazini mwa nchi, jua halizami kuanzia takriban 20 Mei hadi 22 Julai, na huo mwanga wa kijani, uitwao mwanga wa kaskazini, hauonekani bila giza. Mwanga huo huonekana kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa Machi. Ningekushauri mwisho wa Septemba: usiku umeshaingia vizuri, na baridi bado haijawa ile ya Februari inayokulazimu kununua nguo mpya mwili mzima. Kaa usiku kadhaa, kwa kuwa mawingu yakifunga huoni kitu.

Ni kweli mtu anapiga hema popote? (Vijana wanne, Kampala)

Karibu popote porini, kwa sheria ya 1957. Kaeni mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya mtu, msizidishe usiku mbili mahali pamoja, na msiguse mashamba. Moto msituni au karibu nao umepigwa marufuku kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba.

Nibebe kroni taslimu kiasi gani? (Msomaji, Mombasa)

Kidogo sana. Karibu kila kitu hulipwa kwa kadi. Iarifu benki yako kabla ya kuondoka, uliza kiwango cha matumizi ya nje kwa siku, na kama unaweza beba kadi za benki mbili tofauti, kila moja mfuko wake.