Maswali yenu: namba ya sheria iko wapi?

Barua za juma hili nyingi zinaanza na "nimesikia kwamba". Wapenzi wasomaji wa Lubumbashi, sheria haisikiwi, inasomwa. Haya, tuendelee.

Papa, nimepata kwenye intaneti Sheria ya Madini ya 2002, kurasa zote. Tuende nayo kwenye kikao na kampuni? (Ruashi)

Msiende nayo. Ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Katika maandishi yako ya zamani hutaona asilimia 0.3 ya mauzo ambayo kampuni hutenga kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani na mgodi. Mwanasheria wao atafurahi sana kuwaona.

Mbunge wetu amesema sheria imepita. Imeanza kazi? (Katuba)

Tena! Kupita kwa wabunge si mwisho wa safari. Kuna Seneti, kuna saini ya Rais, kuna kutangazwa katika Journal Officiel, gazeti rasmi la serikali, kisha ibara ya 142 ya Katiba inahesabu siku 30, isipokuwa sheria yenyewe iseme vingine. Anayekuletea sheria bila namba wala tarehe amekuletea radio trotwari, uvumi wa barabarani.

Mzee, ninaandika memwari ya kumaliza masomo juu ya intaneti ya zamani na utungaji wa sheria. Kweli watu walifuata Bunge kwa kompyuta miaka ya 90, au ni majivuno ya wazee? (mwanafunzi, Kasapa)

Walifuata, ila si sisi. Tarehe 5 Januari 1995 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua tovuti ya THOMAS, jina la Thomas Jefferson, rais wao wa zamani, yule aliyewauzia vitabu vyake mwaka 1815 baada ya Waingereza kuichoma maktaba yao. Mwananchi aliandika namba ya muswada, akaletewa maandishi yake na hatua uliyofikia. Mwenye namba alifika upesi; aliyeandika neno moja kama "maji" alizama humo. THOMAS ilifungwa mwaka 2016, na kazi yake inafanywa na tovuti ya Congress.gov.

Sisi huku, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulikuwa watu wa siberi, vile vyumba vya intaneti ya kulipia. Unalipia nusu saa, unazima picha ili ukurasa ushuke, unaweka maandishi kwenye disketi. Siku moja umeme ulikatika nikiwa sijahifadhi hata mstari, na pesa ya nusu saa haikurudi. Shida kubwa lakini haikuwa umeme. Sheria za Wafaransa na Wabelgiji zilipatikana kirahisi kuliko zetu, basi wengine, tena mawakili wa kanzu nyeusi, wakazitaja kana kwamba ni za Kongo. Usicheke. Leo wanafanya vilevile, kwa simu ya bei. Hilo liandikie sura nzima.

Na ukitaja ukurasa, weka tarehe uliyoufungua. Ukikuta umekufa, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za kurasa za zamani, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2001. Profesa wako asikubali "nilipata kwenye Google". Google haijawahi kutunga sheria.

Sasa kila kitu kiko mtandaoni. Karatasi za nini? (Golf)

Wabelgiji waliwaza kama wewe. Tangu Januari 2003 gazeti lao rasmi likabaki la kompyuta, na nakala tatu tu za karatasi. Mwaka 2004 mahakama yao ya katiba ikaamua kwamba asiye na kompyuta ameonewa. Hiyo ni Ubelgiji. Wewe una jenereta, ndugu. Vuka uende mtaa wa Kisanga uwaulize wasio nayo.

Nitapata wapi sheria kwa Kiswahili? (Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi)

Swali zuri kuliko yote, na linaniuma. Ibara hiyohiyo ya 142 inaidai serikali ieneze kila sheria ndani ya siku 60 tangu itiwe saini, kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Nimetafuta siberi, nimetafuta kwa simu, na ninachopata karibu daima ni Kifaransa. Usiniombe nikutafsirie, Mama. Mbunge wako aliomba kura kwa Kiswahili safi kabisa. Mwandikie, umtajie ibara na zile siku 60.

Mzee, disketi zako bado unazo? (Kamalondo)

Kumi na moja. Mwenye mashine ya kuzisoma aniandikie.